Dafu Si Nazi

Mabati aliyokwenda kuyanunua Msabah huko Darajani yalirudi Mkokotoni yamepakwa hina na kuvishwa kanga mpya. Yalikuwa na jina, Tabia, na umri wa miaka ishirini na miwili. Nyumba ya mke mkubwa, Bi Mashavu, ikaendelea kuvuja pale pale.

Kuvuja angekuvumilia. Kilichomkereketa ni minazi. Minazi kumi na minane aliyoachiwa na mama yake ndiyo iliyowekwa rehani kwa Bwana Usi kwa shilingi mia na ishirini za mabati hayo, na ni yeye mwenyewe aliyekubali, maana mume alimpimia urefu wa kila bati kwa mikono yake miwili. Deni lisipolipwa kabla ya Idi Kubwa, minazi inakuwa ya Usi moja kwa moja. Mpaka siku hiyo, Usi atakula nazi zake. Ndivyo walivyokubaliana mbele ya Mzee Mcha, shahidi wao, aliyesikiliza huku akitafuna tambuu.

Mwaka ule wa sabini na moja pesa zilikuwa ngumu. Mbata, nazi iliyokaushwa, haina bei, mchele wa foleni, sukari unaisikia tu kwa jirani. Msabah akiulizwa deni husema, "Nnalifikiria, Mashavu." Na kweli alilifikiria sana, amejinyoosha barazani kwa Tabia.

Mashavu hakujua kusoma hata jina lake, kwa hiyo maneno ya watu aliyaweka kichwani kama yalivyotamkwa. Siku moja akipepeta mpunga akayapitia ya siku ya rehani, neno baada ya neno, mara akasita na ungo mkononi. Asubuhi yake akamwita mkwezi.

"Niteremshie madafu."

"Bi Mashavu, si imo rehani kwa Bwana Usi minazi hii?"

"Nshakwambia madafu. Nazi usiiguse hata moja."

Akayauza gatini, kwa wanaosubiri mashua za Tumbatu, senti ishirini na tano kila dafu. Ulipoingia Ramadhani, watu wasio na sukari ya kufuturia wakapanga mstari mlangoni kwake. Ndiyo foleni pekee ya Mkokotoni ambayo ukifika mbele unapata kitu.

Baada ya Idi Ndogo Usi akaja na mkwezi wake na magunia sita. Mkwezi akapiga kelele kutoka juu:

"Bwana Usi, huku kuna vidaka na vitale, vichanga vitupu!"

"Na nazi?"

"Tatu. Moja imeliwa na panya."

Usi akenda moja kwa moja mlangoni kwa Mashavu. "Bi Mashavu, umenila!"

"Mie? Nimekula nini chako?"

"Nazi zangu!"

"Mie nimechuma madafu."

"Dafu si ndiyo nazi?"

"Basi leo mpelekee mkeo dafu alikune atie kwenye mchuzi, kisha njoo unambie alivyokutukana."

Usi akaitisha shahidi. Mzee Mcha akatema tambuu, akafuta mdomo, akafikiri sana kama mtu anayelipwa kwa saa. "Nilisikia nazi," alisema. "Dafu sikulisikia. Wala koroma, lililo katikati yao."

Majirani wakacheka, na mwisho Usi mwenyewe akacheka, kwa shida, upande mmoja wa mdomo. Mashavu akafungua pindo la kanga, akamhesabia shilingi themanini.

"Arubaini zilobaki utazipata kabla ya Idi. Na ukitamani nazi, bei yangu si ghali."

Alizimaliza siku nne kabla ya Idi Kubwa. Hakutoa shilingi ya mwisho mpaka Usi asimame mbele ya Mzee Mcha na kusema kwa sauti kwamba anarejesha minazi kumi na minane pamoja na vidaka, vitale, madafu, makoroma, nazi, kumbi na makuti yake. Usi akasahau makuti. Mashavu akamrudisha mwanzo, na Usi akaanza tena taratibu, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Msabah naye alikuwapo. Alikuwa akizunguka shambani, akiigonga minazi mmoja mmoja kwa kiganja na kuihesabu, kama vile yeye ndiye aliyeikomboa. Alifika kumi na saba, akakuna kichwa, akaanza upya.