Mtangazaji wa Redio Isiyo na Betri

Jumamosi nilikwenda uwanjani Tudor kumtazama binti yangu akidaka mpira. Miguu ilikuwa inaniuma, nikakaa kando ya bibi mmoja aliyebana redio ndogo sikioni, kama walivyofanya baba zetu: mechi waliiona kwa macho yao, lakini utamu waliutaka kwa mtangazaji.

"Nani anatangaza, bibi?"

"Mume wangu."

Alipomtaja jina nikamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akisema mpira umepaa kama bei ya sukari, na kipa kaganda kama samli ya asubuhi. Nikakumbuka na maziko yake. Nikaitazama ile redio. Nyuma haikuwa na kifuniko, wala betri.

"Anasemaje?" nikauliza, kwa adabu tu.

Bibi akacheka. "Hana haya huyu. Asema kipa kaota mizizi golini kama mkoko." Kisha kicheko kikamkatika, akanishika mkono. "Asema mtoto asogee mbele. Sasa hivi!"

Mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini mkono wake ulikuwa baridi, na nilijikuta nimesimama. "Sogea mbele, wewe!"

Binti yangu akanikunjia uso, akasogea. Nyuma yake mwamba wa juu wa goli ukaanguka pale pale alipokuwa amesimama.

Mtaniambia ni kutu. Nakubali, chuma cha pwani hakidumu. Ila wanaume walipoufunga mwamba kwa waya na mechi ikaendelea, nilimsogelea bibi nikamwomba aongeze sauti.