Kikao cha Kumwondoa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mtu muhimu kwa robo saa kila wiki. Siku nyingine zote alikuwa mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, mwanamume wa miaka arobaini na minne mwenye goti bovu na vikinga masikio shingoni. Lakini kiangazi kikifika, timu yetu ya besiboli ikiwa inaongoza na imebaki zamu moja mechi iishe, kocha alimpa mpira yeye. Hiyo ndiyo kazi ya mrushaji wa mwisho. Anaingia wenzake wameshachoka, anawatoa wapigaji watatu, watu wanarudi nyumbani na ushindi wao. Mchezo huo alijifunzia shuleni kwao Uganda, kwa mwalimu aliyekuja na magongo mawili na glavu sita. Mimi ni Mkenya. Siku naolewa sikujua besiboli ni chakula ama ni ugonjwa.

Timu yenyewe ilikuwa ndogo, ya ridhaa, na uwanja wake uko Rissne, hapa Uswidi, mwendo mfupi kutoka ukumbi tunaokodi kwa ibada. Mashabiki tulikuwa sisi wa kanisani. Wala hatukuitwa na mchezo, tuliitwa na jiko. Klabu ilikuwa na kibanda chenye jiko zuri la sahani nne, na kulitumia lazima uwe mwanachama, basi tukajiandikisha karibu kanisa zima. Waswidi wa klabu hawakuamini macho yao. Walikuwa hawajawahi kupata wanachama wengi hivyo kwa mpigo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kuhusu viatu vya kuchezea.

Miaka ya mwanzo mechi zilikuwa Jumamosi, siku ambayo wengi wetu tuko kazini, kwa hiyo mara nyingi nilikwenda peke yangu na chupa ya chai. Kiangazi hicho zile za nyumbani zikahamishiwa Jumapili saa sita mchana. Sasa niambie ni ibada gani ya kwetu inayokwisha saa sita. Kuna mahubiri, kuna matangazo, halafu kuna mtu mwenye tangazo dogo tu. Tukawa tunafika uwanjani zamu ya nane kati ya tisa, watu kama arobaini, tumebeba sufuria, kayamba, na ngoma ya kanisa ambayo haikuruhusiwa kulala ukumbini. Mwanzo wa mechi hatukuuona hata siku moja. Yule kijana aliyekuwa anaanza kurusha, ningekutana naye dukani nisingemjua. Sisi tulimjua wa mwisho tu, na tulimpokea inavyostahili. Akikanyaga kile kilima kidogo cha mrushaji, ngoma inalia, kayamba zinajibu, akina mama tunapiga vigelegele mpaka watu wanatoka kwenye roshani za ghorofa kuangalia nani anaoa. Binti yetu alikaa upande wa pili wa uwanja na simu yake, akijifanya hatujui.

Basi kiangazi hichohicho mume wangu akaharibika. Jumapili ya kwanza mpira ulimpita mdakaji juu ya kichwa, ukagonga wavu mbele ya sufuria ya maharagwe. Jumapili ya pili alimpa mpigaji mipira mizuri sana, ya kukatwa kama keki, na mmoja ukatua kwenye maegesho. Tulikuwa tunaongoza, tukafungwa. Ya tatu na ya nne sitaki kuzikumbuka. Rafiki yangu wa Märsta, Mkenya mwenzangu anayesafisha uwanja wa ndege na mwenye sauti kubwa kuliko sisi wote, aliniambia tukikunja mkeka, "Mimi shemeji nampenda, lakini ule mkono sasa ni wa kupungia watu kwaheri." Nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka, halafu nikacheka tena.

Kocha alikuwa Mswidi mpole ambaye hakuweza kuamua jambo peke yake. Nchi hii hata rangi ya kibanda cha baiskeli huitishiwa mkutano. Akaleta suala mbele ya wanachama: tubaki na mume wangu, au mpira wa mwisho apewe mwanafunzi mmoja wa chuo, kijana wa miaka ishirini na miwili aliyerusha kwa nguvu hivi kwamba mdakaji aliweka sifongo ndani ya glavu. Na wanachama walio wengi walikuwa ni sisi. Hapo ndipo besiboli ya Uswidi ilipoangukia mikononi mwa kamati ya kanisa.

Mwenyekiti alikuwa shemasi wetu, Mrundi anayeishi Norsborg kama sisi, ambaye huwa mwenyekiti wa kila kitu, hata wa foleni. Alifungua kwa sala ndefu iliyogusa wagonjwa, wasafiri na goti la mume wangu. Kisha akamwomba mhusika atoke nje, maana kwetu mtu hajadiliwi akiwa amekaa palepale. Mume wangu akatoka, akasimama kwenye majani karibu na dirisha, mikono mfukoni, akitazama ghorofa kana kwamba anataka kuzinunua.

Mjadala ulikuwa mtamu kuliko mechi. Mmoja alitaka apewe likizo ya heshima. Mwingine alitaka awekewe mikono na kuombewa kabla ya zamu ya tisa. Shemasi alisema kumwondoa mtu mzima na kumweka mtoto ni kumvua nguo hadharani. Rafiki yangu akajibu kwamba nguo zimeshavuliwa, Jumapili nne mfululizo, na sisi tulikuwepo. Kocha aliangalia saa, lakini alikuwa anacheka. Ilipofika kupiga kura nilinyosha mkono aondolewe. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nimechoka kumwona akirudi nyumbani bila kula, akikaa kwenye kochi na soksi za mechi mpaka jioni. Upande wangu tulishindwa kwa kura chache sana, ikaamuliwa apewe mechi moja. Akiiharibu hiyo, mpira ni wa kijana.

Nilikuwa naosha vikombe alipokuja mzee wa Kiswidi mwenye daftari, yule anayekaa nyuma ya wavu na penseli akiandika kila mpira unaorushwa. Hatukuwahi kuongea naye zaidi ya salamu. Aliomba radhi kwa kuingilia, akaomba radhi tena, kisha akafungua daftari na kunionyesha. Mechi za ugenini, mume wangu hakuwa ameruhusu pointi hata moja. Za nyumbani alianza vizuri akijipasha misuli pembeni, na kila mara aliharibika wakati uleule. Mzee alikuwa ameuwekea alama ya kinoti cha muziki, kidogo, kwa adabu sana. Ulikuwa ni wakati wa sisi kufika.

Kutoka Rissne mpaka Norsborg ni safari ndefu ya treni mbili, na kwenye treni za huku watu hukaa kama wako chumba cha daktari. Kwa hiyo tukagombana kwa kunong'ona.

"Ulijua ni kelele zetu?" nikamuuliza.

"Kocha aliniambia tangu Mei. Alitaka niwaombe mtulie."

"Na ukanyamaza?"

"Sasa ningewaambia nini, nyabo?" Nyabo kwa lugha ya kwao ni bibie. Alivua kofia. "Wewe kule kazini, kwa wazee unaowatunza, unanong'ona, wasiamke. Shemeji wa Märsta anasukuma ile mashine yake ya kusafishia sakafu, hata kukohoa anaomba ruhusa. Kwa lifti yetu majirani wamebandika karatasi ya malalamiko sababu ulitwanga vitunguu saumu saa mbili usiku. Wiki nzima mko hivyo. Halafu mimi niwaambie na Jumapili mnyamaze?"

Nilimwambia tu kwamba nilinyosha mkono aondolewe. Akasema aliuona dirishani, na kwamba ulinyooka vizuri kuliko mipira yake yote ya msimu ule. Mwanamke aliyekaa mbele yetu akageuka kutazama ni nini kinachochekesha.

Yeye hakutaka niwaambie wengine. Niliwaambia usiku huohuo, mmoja mmoja, kwa simu. Nilitaka abaki na kazi yake, na safari hii nilikuwa na nafasi ya kumsaidia badala ya kumnyoshea mkono. Shemasi alisema ngoma itabaki kibandani. Rafiki yangu wa Märsta alilia kidogo, akaapa hatatoa hata pumzi.

Jumapili ile tulifika zamu ya nane kama kawaida, kwa vidole vya miguu. Tulikaa. Hakuna aliyegusa kifuniko cha sufuria. Timu ilikuwa mbele kwa pointi moja, na zamu ya tisa kocha akamwita mume wangu. Alipanda kilima, akatutazama, akangoja. Hatukutoa sauti. Nilisikia bendera ya klabu ikijipiga kwenye mlingoti.

Mpigaji wa kwanza alikosa mara tatu, nje. Wa pili aliugusa mpira, ukaviringika mpaka miguuni mwa mume wangu, akamtoa bila haraka. Mzee wa daftari alinigeukia na kunyanyua penseli. Nilikuwa nimeng'ata ukingo wa mtandio, na roho yangu ilikuwa juu kwa furaha kiasi kwamba nilidhani nitapaa. Amebakiza mtu mmoja. Akimtoa huyo, kazi ni yake, na hakuna mkutano wa kuibadilisha.

Akatutazama tena, na safari hii alitutazama mmoja mmoja. Shemasi alikuwa amekalia mikono yake yote miwili. Rafiki yangu alikuwa amejifunika kitenge kichwani, mwili mzima unatetemeka. Watu arobaini tulikuwa tumekaa wima tukimwogopa. Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameinama, glavu kwenye goti bovu, kisha akamwita kocha. Waliongea kidogo. Kocha alitikisa kichwa kukataa, mara mbili. Mume wangu akamwekea mpira kiganjani, akampiga kijana wa chuo begani walipopishana, na akaendelea kutembea, akaupita wavu, akaja mpaka kwenye mkeka wetu na vumbi lake.

"Mbona umetoka?" nikamuuliza. "Ulikuwa unashinda."

"Nilikuwa nasikia matumbo yenu yakinguruma," akasema. "Sogea."

Nikasogea. Aliketi, akainyosha ile miguu yake mirefu, akaweka viganja mdomoni na kupiga kigelegele. Sijasikia kigelegele kibaya kama kile maishani mwangu. Kilikatika katikati, kikaanza upya, kikaishia kwenye kikohozi. Rafiki yangu aliibuka kutoka chini ya kitenge na kumjibu kwa sauti iliyofungua madirisha ya Rissne yote. Shemasi alikimbilia kibandani, mtu wa miaka sitini, akarudi na ngoma kichwani. Kijana kule kilimani aligeuka akatuona, akatabasamu hadi mwisho wa meno, na akarusha mpira ambao mpigaji aliusikia tu ukipita. Kisha wa pili, kisha wa tatu, na mechi ikaisha. Mume wangu hakuuona wa tatu. Alikuwa amesimama ananipigia kelele sikioni kwamba kijana anajua, anajua kabisa, na mimi nilikuwa nimemshika kiuno nacheka na kulia, nikimwambia apunguze sauti, na yeye ananiambia hapana.