Mikono Minane Ukutani Nunguni

“Mimi sijakataa kuchora. Nimekataa mikono,” Mama Nzomo anasema, akiinua ndoo ya chokaa ili kila mtu aione. “Mungu alitupa miwili. Hii mingine sita imetoka wapi?”

“Imetoka kwa rangi, mwaitu,” anajibu Ndinda Kiilu kutoka juu ya ngazi, akimwita mama kwa Kikamba bila kugeuka.

Ni saa tatu asubuhi, siku ya soko Nunguni, Kaunti ya Makueni. Ukungu bado umekalia vilima, na wauza kabichi wameziacha kabichi zao zijiuze. Watu watatu wanaongea kwa pamoja. Mmoja wao hata hajui kesi inahusu nini, lakini anaunga mkono.

Kesi ni ukuta wa poshomili ya Gicheru, msaga unga aliyehamia hapa kutoka Murang’a. Alimwomba Ndinda, mwenye umri wa miaka 34 na fundi wa kuchora mabango ya maduka, amchoree mama aliyebeba unga. Unga upo. Ila mama mwenyewe ana mikono minane, amepanda punda, na chini yake amejikunja nyoka mrefu kama ukuta wenyewe.

Mama Nzomo ni shemasi wa kanisa linalotazamana na ukuta huo. Anasema waumini hawawezi kutoka ibadani na kupokelewa na sanamu. Gicheru naye hataki ugomvi na wateja. Ametoa uamuzi wake: wawili hao wasipopatana kabla mashine haijazimwa jioni, ukuta utapakwa chokaa na Ndinda atafute kwingine.

Hapo ndipo uzito ulipo. Ndinda hutumia chumba cha nyuma cha poshomili bila kulipa kodi, naye humchorea Gicheru chochote anachotaka. Katika chumba hicho, kati ya magunia, anachora hadithi ambayo amekuwa nayo kwa miaka minne.

Ni manga, zile katuni za Wajapani. Shujaa wake, ndiye huyo wa ukutani, anaitwa Syombua, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na anapigana na nyoka aliyemeza mito yote ya Ukambani.

Nyoka huyo alianzia Emali, kwenye barabara ya Mombasa. Alipomaliza darasa la nane, Ndinda alipata kazi ya nyumbani kwa familia ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ujenzi. Bibi wa nyumba, Savita, ambaye wote walimwita Ba, alipenda nzuu, yaani mbaazi, kuliko hata Wakamba wenyewe. Alasiri waliketi wawili na sinia katikati, wakiambua maganda.

“Nilidhani mbaazi ni yetu peke yetu,” Ndinda anasema. “Ba alikuwa ananishinda kuambua, na mdomo haunyamazi.”

Ba alimsimulia habari za Vritra, nyoka aliyeyafungia maji ya dunia nzima. Akamsimulia za Durga, mungu wa kike wa mikono mingi, ambaye miungu wenzake walimpa kila mmoja silaha yake aende vitani. Ndinda alikuwa amekua akifuata maji kwa punda.

“Ya nyoka niliamini hapo hapo,” anasema. “Mito yetu ingeenda wapi, kama hakuna mtu ameimeza?”

Mtindo wa manga aliupata papa hapa sokoni, kwenye rundo la vitabu vya mtumba. Kijitabu kilianzia nyuma, akadhani kimejalidiwa vibaya, akamshusha muuzaji bei. Alipokuja kujua kwamba Wajapani husoma kutoka kulia kwenda kushoto, alikuwa ameshazoea. Mpaka leo huchora hivyo, na wanaosoma kurasa anazotuma kwenye simu hawaishi kumlalamikia.

Kinachomlisha ni mabango. La kinyozi humpa shilingi 1,500. Syombua hajamletea hata senti.

Huku chini maneno yamepanda. Gicheru ametoka na brashi mkononi, unga umemjaa nyusi. Mama Nzomo anaichukua, anaichovya kwenye chokaa na kusogea ukutani. Wakati huo huo ukungu unaachia na jua linaupiga ukuta.

Kutoka mbali ulikuwa mchoro tu. Sasa tumbo la nyoka linaonekana hadi ndani: mto mzima unapita humo, na samaki wake, na mitungi ya njano inayoelea, na mtoto wa punda anayetafuta njia ya kutoka. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha parachichi anakitua chini taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Mama Nzomo hasogei. Anaangalia mkono wa tatu upande wa kushoto, ulioshika beleshi. Kidole chake cha mwisho kimepinda kwa nje.

Anahamishia brashi mkono mwingine na kuuinua wake wa kushoto, kando ya ule wa ukutani. Kidole kimepinda vilevile. Jiwe lilikivunja akichimba matuta ya shamba na wanawake wenzake.

“Huu ni wangu,” anasema polepole.

“Ni wako, mwaitu.” Ndinda ameshuka ngazi. “Ulinishika nao siku tunazika mama.”

Mikono yote minane, anaeleza, ni ya akina mama wa mwethya wao, kundi linalolimiana mashamba kwa zamu. “Huyo wa Ba alipewa silaha na miungu. Huyu wangu angepewa na nani? Nikampa nyinyi.”

Wanawake wanajongea, kila mmoja anatafuta wake. Mmoja anapata kovu lake la moto, anaweka kiganja juu yake na kukiacha hapo.

Mama Nzomo bado ameukazia macho mkono wake.

“Na mbona natupa udongo chini?”

Ndinda anatazama. Kweli, udongo wa beleshi unaruka kuelekea bondeni. Kwenye vilima hivi, anayechimba tuta hutupa udongo juu, na hilo kila mtu hulijua kabla ya kujua kusoma.

“Mkono huu haujawahi kutupa udongo chini,” anasema shemasi. “Mvua moja tu imeubeba, na huyo nyoka wako anakunywa na shamba.”

Hapo ndipo soko linapasuka kwa kicheko. Gicheru anauliza kama ukuta unapakwa au haupakwi. Mama Nzomo anapaka chokaa pale kwenye udongo tu, na kumrudishia brashi.

“Kusujudu sisujudu,” anasema. “Lakini mkono wangu ufanye kazi sawa.”

Kufikia saa saba udongo umehamia juu ya tuta. Ndinda anasema atamaliza sura ya mwisho mwaka huu, aichapishe hadithi mjini Wote, kisha aende Emali. Ba angali hai, lakini macho yanamwishia.

“Nataka aone mahali hiyo hadithi yake ilifika,” anasema akifuta brashi. “Hata kama ni kwa kugusa-gusa tu.”

Kutoka upande wa pili wa barabara, Mama Nzomo anamwita. Amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na nzuu.

“Osha hiyo rangi ukuje ule. Na ubebe hicho kitabu unachochora, nione kama huko ndani pia umeniharibia shamba.”