Fundi Verlene asaka nyumba ya kuvuta pikapu yake

Saa mbili asubuhi, buti mbili za kazi zimechomoza chini ya gari-nyumba linalouzwa bei ya nyumba ya matofali. Mwenye buti amelala chali juu ya changarawe yenye barafu, tochi mkononi, anasoma kibati kilichopigiliwa karibu na ndoano ya kukokotea.

Muuzaji, kijana aitwaye Brady, anangoja na kikombe cha kahawa mkononi. Upepo wa mji wa Casper, Wyoming, unamrushia tai ya shingoni begani.

"Mama, ndani kuna meko ya umeme na televisheni mbili. Hujaingia hata kuchungulia!"

"Televisheni haipandi mlima, kijana," sauti inajibu kutoka chini.

Verlene Haugstad, 57, ni fundi wa kuchomelea mabomba ya gesi. Kwa miaka ishirini na moja amefuata mabomba Wyoming, Montana na Dakota, akiishi pale bomba linapofika. Pikapu yake imebeba mashine ya kuchomelea, mitungi na makasha ya zana. Mzani unasema ratili elfu kumi na moja, karibu tani tano. Gari-nyumba analolala sasa haliwezi kuvuta hata nusu ya mzigo huo.

Zamani halikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Mumewe, Dwight, aliendesha nyumba. Yeye alifuata na pikapu, wakiongea kwa redio za kuitana kati ya magari.

"Kuongea? Tuligombana!" Verlene anacheka. "'Dwight, umesahau kushusha antena.' 'Verlene, niache niendeshe.' Maili mia tatu hivyo hivyo."

Dwight alianguka Jumanne moja ya Februari, miaka miwili iliyopita, akiwa kwenye foleni ya dukani na mkate mkononi. Moyo ulisimama. Wiki tatu baadaye kazi ikahamia kaunti nyingine, na Verlene akajikuta na magari mawili na dereva mmoja.

Tangu hapo, kila kuhama ni kuhama mara mbili. Huendesha nyumba hadi kambi mpya, kisha hutafuta basi au lifti ya kurudi kuifuata pikapu. Oktoba iliyopita theluji ilifunga barabara kuu kabla hajafika nusu ya njia na pikapu hiyo. Alikaa siku tatu kwenye kituo cha malori, akilala kwenye kiti cha dereva.

"Siku tatu, sauti pekee iliyoniita ilikuwa ya kipaza sauti cha mabafu," anasema. "'Mteja namba arobaini na saba, bafu lako liko tayari.' Na mimi nikajibu, 'Asante.' Nimekishukuru kipaza sauti, mbele za watu."

Dada yake, Lorna, aliye Nebraska, humpigia simu kila Jumapili na wimbo ni ule ule: uza hilo zigo, njoo tuzeeke wote. Verlene hataki kusikia. Fundi mwenye pikapu na mashine yake hulipwa karibu mara mbili ya anayekuja na glavu tu. Lakini si suala la pesa tu.

"Nikiuza pikapu nitabaki nani?" anauliza. "Mwanamke mwenye nyumba ya magurudumu asiye na pa kwenda."

Ndiyo maana yuko chini ya gari la Brady: anataka nyumba itakayoivuta pikapu, ahame kwa safari moja.

Anatoka, anajikung'uta, kisha anachora hesabu kwa kidole kwenye vumbi la ubavu wa gari. Brady anashikilia neno lake: ndoano imeandikwa elfu kumi na mbili, kwa hiyo gari linavuta ratili elfu kumi na mbili.

"Ndoano inaweza. Injini na breki je?" Verlene anamuuliza. "Uzito wote ulioruhusiwa, nyumba na kinachovutwa, ni elfu thelathini. Nyumba yenyewe, ukijaza maji na mafuta, ni elfu ishirini na nne. Nitolee."

Brady anatoa. Anakohoa.

"Elfu sita, mama."

"Na mimi nina elfu kumi na moja. Hizo tano zilizozidi utakuja kuzisukuma wewe?"

Hilo lilikuwa gari la tisa. La saba, la dizeli, lilivuta elfu kumi kamili, na lilimpendeza hasa. Alikaribia kujidanganya kwamba ratili elfu moja si kitu. Kisha akaukumbuka mteremko mkali wa Togwotee, kule milimani, na mkono wake ukairudisha kalamu mezani.

La kumi alilipata mji wa Riverton, kwa Delmar Yost, mzee wa miaka 71 aliyezunguka na farasi wake kwenye mashindano hadi nyonga ikamgomea. Ni nyumba iliyojengwa juu ya mgongo wa lori, pua ya lori ikiwa bado mbele. Inavuta elfu ishirini. Mazulia ni ya kahawia na bado yananuka farasi.

"Nikwambie mapema, dada," Delmar alisema akifungua mlango. "Kitanda ni cha mtu mmoja. Wanakuja wawili wawili, mke anakiona, wanageuka. Mapacha waliotoka mji wa Lander hata chai yangu hawakunywa."

Verlene aliingia, akalala na buti zake, akatazama dari. Delmar anasema alidhani amesinzia.

"Kinanitosha," alisema hatimaye.

Jumamosi iliyofuata waliunga pikapu nyuma, wakaifungia breki ya ziada, wakatoka kwa majaribio. Lori halikuguna. Kwenye kona ya kwanza Verlene alitazama kamera ya nyuma, akaona usukani wa pikapu ukizunguka wenyewe mbele ya kiti kitupu.

"Miaka kumi na tisa nimekaa kiti kile nikimfuata Dwight," anasema. "Niliegesha kando. Delmar alinipa leso yenye nywele za farasi."

Baada ya hapo alijaribu breki mara nne kwenye mteremko, zikashika mara nne, akainunua nyumba ya Delmar.

Jumapili hii anaondoka kwenda Dickinson, Dakota Kaskazini, kwenye kazi ya bomba ya miezi mitano. Kambi inafunguliwa Jumatatu saa nne asubuhi, na anataka kuwa getini saa tatu.

"Watu hawajui," anaeleza. "Siku ya kwanza ndiyo watu huvuta viti, huchoma nyama, huulizana majina. Mimi miaka miwili hii nafika kesho yake au keshokutwa, nakuta watu washajuana, nawekwa ile kona ya pipa la taka. Safari hii nafika nao. Nimeshanunua soseji ishirini na nne."

Anapiga hesabu kidogo, kisha anacheka.

"Zikibaki, nitagonga milango nizigawe."