Mkono wa Mpasua Miamba

Mpasua miamba aliyepanga chumba cha uani, Mtaa wa Msimbazi, hakuwa mtu wa kupeana mikono. Kila jioni akirudi kutoka machimboni alijisugua viganja kwa mchanga na limau mpaka vikachubuka, na akisalimiwa aliweka mkono kifuani, akainama kidogo, akapita. "Mkono wake wa dhahabu huo!" Siti, jirani yake, aliwaambia wenzake, nao wakaangua kicheko. Siku ya Idi Siti akamvizia barazani, akaukwapua ule mkono mbele za watu, akaubusu kwa kejeli kama wa sharifu. Mzee akauchomoa, uso umemsawijika.

Adhuhuri haijafika, kichwa cha Siti kikawa kinagonga kama kinu. Hodi ikabishwa. Mzee alikuwa ameweka kikombe cha kahawa chungu kizingitini, naye amesimama mbali. "Kunywa, mwanangu. Baruti ninayoshindilia kwenye matundu ya mwamba huniingia ngozini. Anayenigusa huumwa kichwa."

"Mbona hukusema, mzee wangu?"

"Ningesema, nani angenipangisha?"

Siti akainamia kikombe. Kule barazani wenzake walikuwa bado wanalirudia neno lake, wakicheka: "Mkono wa dhahabu!"