Waya Niliouunga Mwenyewe

Naitwa Masalu, fundi umeme, naishi Nyakato. Haya yamenikuta mimi, nayasema kwa sababu huenda kati yenu yuko anayeishi kama nilivyokuwa naishi.

Nilikuwa mzima wa afya. Mke wangu alishafariki, watoto hatukujaliwa. Nyumba za watu nilizitengeneza kwa uangalifu, kwangu nikaishi ovyo. Jiko langu la umeme nilivutia waya mnene, ukapungua urefu, nikaunga kipande cha waya mwembamba. Nilisokota tu nikazungushia tepu. Waya mnene haujipindi; ule mwembamba uliuzunguka ukabaki umelegea. Nilijua. Kwa mteja nisingeacha hivyo.

Baada ya wiki kadhaa nikaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikafungua dirisha, basi. Asubuhi moja, bila kuzima umeme, nikapanda kwenye stuli nipapase pale nilipounga, nione kama pana joto. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Umeme ukanishika, mkono ukang'ang'ania shaba, sauti haitoki. Stuli ikateleza, uzito wa mwili ndio ulioning'oa.

Nililala sakafuni hadi mchana, nisiweze kusimama. Majirani walikuwa kazini. Niliita mpaka koo likakauka. Mama Neema wa chumba cha pili aliporudi alisikia nagonga mlango kwa kisigino.

Hospitalini kiganja cha kulia kilikuwa cheusi, kinanuka nyama iliyoungua. Mkojo ulitoka mweusi kama chai isiyo na maziwa. Daktari akaniambia, "Umeme unaunguza ndani kuliko unavyoona nje. Misuli iliyoungua inaharibu figo zako, tunazipigania. Vidole viwili hatutaviokoa." Vikakatwa.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, niligeukia ukutani nikajifanya nimelala. Nesi akauliza, "Baba, huna ndugu?"

"Wako mbali."

Uongo. Dada yangu Kabula yuko Kamanga, ng'ambo tu ya ziwa, unapanda kivuko. Hatukugombana. Baada ya kumzika mke wangu niliacha kumpigia dada simu, na kadiri nilivyochelewa aibu ikakua. Usiku huo sikulala. Asubuhi nikampa nesi namba.

Dada alifika siku hiyohiyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Masalu, ulitaka niitwe kwenye msiba wako?" Akaninywesha uji huku analia.

Figo zilipona. Dada alikaa nami mwezi, akarudi kwake. Bado niko peke yangu. Vifungo vya shati nafunga kwa mkono wa kushoto, taratibu, chumba kimya.

Ndugu zangu, msiunge nyaya za unene tofauti kwa kusokota. Zima swichi kuu, pima uhakikishe umeme umekatika. Tumia kiunganishi cha skrubu kinachotosha nyaya zote mbili, kaza, vuta uone kama haziachii, funika ndani ya boksi. Swichi ya kulinda, ile inayojizima umeme ukizidi, ichaguliwe kwa kufuata ule mwembamba, maana ndio unaoungua kwanza. Jiko lisipewe waya mwembamba hata kidogo.

Namshukuru Mungu, Mama Neema na nesi yule. Na kama kuna ndugu unayeona aibu kumpigia, mpigie leo, ukiwa mzima.