Jina la Mwisho Kabla ya Radi

Nikitembea kibanjani kwangu, huku Nyakakika, najua pa kukanyaga na pa kupisha. Watu wa ukoo wa mume wangu wamezikwa humo katikati ya migomba, na wengi hawana msalaba wala jiwe. Shule niliiacha mapema, lakini majina yao yote ninayo: huyu chini ya mgomba wa juu, yule karibu na mbuni ulioinama.

Mjukuu wangu wa kike anatengeneza programu za kompyuta huko Mwanza. Alipokuja likizo akaniambia, "Bibi, ukiondoka na majina hayo, sisi tutalima juu ya watu." Akatoa kompyuta yake kuukuu, betri ilishakufa, inaishi kwa waya tu. Nikawa nataja jina na mahali, yeye anabonyeza, sauti yangu inabaki humo ndani. Kisha yanatokea maandishi ya kijani: tayari.

"Mke mwenzangu," nikamtania, "hiki kisanduku kinashika mambo kuliko babu yako."

"Kwani babu alikuwa anasahau?"

"Akitoka kwenye pombe ya rubisi alisahau hata mlango wa nyumba yake."

Likabaki jina moja. La mwanangu wa kwanza, aliyefariki kabla hatujamtoa nje watu wamwone. Tulilijua mimi na baba yake tu, na baba yake naye sasa yuko kibanjani. Nikamwambia mjukuu anionyeshe pa kubonyeza, halafu atoke.

"Na mimi nisisikie?"

"Nenda kaangalie ndizi jikoni."

Nikabonyeza. Nikalisema. Nikabonyeza tena, kijani ikaja. Papo hapo radi ikapiga kilima cha upande wa Kihanga. Kwetu radi ikilia mtu hakai kufikiri: kioo kinafunikwa, kila kinachong'aa kinafunikwa, redio inachomolewa. Nikachomoa waya, nikakitupia kisanduku kanga. Mvua ikashuka, nami nikakaa nimetulia kabisa.

Ilipokatika, mjukuu akawasha. Majina yote yapo. Hilo la mwisho, faili lake lipo, ndani hamna kitu.

Akashika kichwa. "Kosa langu, Bibi, si lako." Akanieleza kwamba programu ile hakuiandika yote mwenyewe. Sehemu ya kuandika mafaili aliichukua kwenye maktaba, ndivyo wanavyoita kazi ambazo wenzao wameziweka pamoja ili kila mtu atumie. Kazi hiyo haikusimamishi. Unaipa sauti, inakwenda kuiandika pembeni, na kompyuta inaendelea na mengine. Ikimaliza ndipo inaleta habari.

"Sasa mimi sikuiambia isubiri habari," akasema. "Ikakuonyesha tayari, kumbe ndiyo kwanza inaanza kuandika. Waya ulipotoka, ikakatikia njiani."

Nikaona mbona ndivyo tunavyopika. Ndizi ukishazifunika kwa majani motoni, husimami kuzikodolea macho. Unakwenda kupalilia maharage. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kuita watu mezani hujafunua chungu.

"Umewanawisha wageni mikono mapema," nikamwambia.

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa na maji. Akainamia kazi yake, akarekebisha, akajaribu kwa kutaja jina langu. Safari hii kijani ilichelewa kidogo kuja.

"Haya, Bibi. Nitoke?"

Wakati wote ule wa mvua nilikaa nikiamini jina lina pa kukaa, kumbe halikuwa popote ila kwangu. Radi ingenipiga mimi badala ya kilima, lingekwisha.

"Kaa," nikasema.

Nikalisema. Tukasubiri wote wawili, mkono wangu mbali na waya, mpaka kijani ikaja. Halafu yeye, bila kuambiwa, akageukia dirisha la upande wa migomba akaliita polepole, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Tangu mume wangu afariki, sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu mwingine.